Paka Mgonjwa, Mbwa Mgonjwa, Mtoto Aliyeumwa: Tunamsikiliza Nani?



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na wanafunzi wetu, mara hii tumeona tuweke kando habari za ada na mitihani, tuzungumze juu ya paka anayelala jikoni na mbwa anayelala nje ya geti. Wapo watakaoliona jambo hili dogo. Sisi hatulioni dogo, na sababu yake ni mtoto.

Miezi michache iliyopita tulikuwa wageni kwenye nyumba moja huko Bwera, karibu na barabara ya kwenda Mpondwe. Mtoto wa darasa la nne alirudi kutoka madrasa akichechemea, ameumwa na mbwa nyuma ya goti, mbwa ambaye hakuna aliyemjua mwenyewe. Kabla mama yake hajakaa sawa, majirani walikwisha kujaa uani na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja akasema pilipili iliyotwangwa. Mwingine akasema unga wa kahawa. Wa tatu akataka mbwa atafutwe, anyolewe manyoya, yachomwe, na majivu yake yapakwe kwenye jeraha. Mzee wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikwenda kuchota udongo, akisema sisi Waislamu tumefundishwa kwamba mate ya mbwa huoshwa mara saba na moja yake iwe kwa udongo.

Binti mmoja wa sekondari, mtoto wa nyumba ya pili, ndiye aliyesema, "Babu, udongo utamletea pepopunda. Tumuoshe kwa maji na sabuni, halafu apandishwe boda boda aende hospitali." Hakuna aliyemsikiliza. Aliambiwa akae kimya wakubwa wanaongea.

Alhamdulillah, baba wa mtoto alifika, akamsikiliza yule binti, na mtoto akapata chanjo siku ile ile. Ni mzima mpaka leo tunapoandika. Lakini tulirudi Kasese tukiwa na mawazo mengi, kwa sababu tulijua wazi kwamba baba angechelewa soko kidogo tu, wakubwa wangeshinda.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi ushauri wa jirani ni kitu kibaya. Mtaani kwetu wengi wetu tumejifunza kufuga paka kutoka kwa mama fulani wa nyumba ya jirani, siyo kwa daktari. Ni jirani aliyetuambia kwamba kitoto cha paka chenye tumbo kubwa na mbavu nje kina minyoo, na alikuwa sahihi. Ni jirani aliyetuonyesha kumfunika mbwa aliyejifungua asipigwe na baridi ya mvua zinazoshuka kutoka milimani. Mwenye kumsaidia mwenzake kwa mnyama wake ana fungu lake la kheri, Insha Allah. Tabu ni kwamba jirani anayejua mambo matatu vizuri hushauri na la nne asilolijua, na kwa sauti ile ile.

Chukueni mfano wa Panadol. Tumesikia mara nyingi: paka ana homa, mpe nusu Panadol, mbona watoto tunawapa. Wapendwa, dawa hiyo kwa paka ni sumu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Ufizi wake hugeuka rangi, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida, na wenyewe husema ugonjwa umemzidi. Ugonjwa haukumzidi. Aliuawa na mkono uliomhurumia.

Mfano mwingine ni dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Jirani ana ng'ombe, amebakiwa na dawa kwenye ndoo, anasema leteni na paka wenu tumpake, ana viroboto. Baadhi ya dawa hizo, hasa zile zenye permethrini, humtetemesha paka mpaka akafa, hata kama mbwa huzivumilia. Tena paka hujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka umemnywesha. Na oili chafu ya gari wanayopakwa mbwa wenye upele! Inaingia mwilini kupitia ngozi, mbwa anailamba, na wadudu wa upele wako salama ndani ya ngozi wanakochimba. Daktari wa mifugo ana dawa ya upele.

Mbwa mdogo akitapika na kuhara damu yenye harufu kali, huo mara nyingi ni ugonjwa wa parvo. Tunaambiwa tumpe maziwa na mayai mabichi. Anachohitaji ni maji mwilini upesi, na mara nyingi ni dripu, kwa sababu hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Kirusi hicho hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi, na ndiyo maana ukileta mbwa mwingine mchanga mwezi unaofuata naye anakufa, watu wakaanza kusema nyumba ina uchawi. Hakuna uchawi hapo, kuna chanjo ambayo hakupewa. Kuhusu minyoo na viroboto hatutasema mengi, isipokuwa kwamba minyoo ya mbwa na paka huwaingia watoto wanaocheza mchangani, na funza wa miguuni huishi kwa mbwa pia. Ukimtoa mtoto funza ukamwacha mbwa, umefanya nusu ya kazi. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, na atakayesafisha asafishe kila siku, kwani vijidudu vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Mengi ya hayo, hata yakikosewa, hasara yake kubwa ni mnyama. Kichaa cha mbwa ni habari nyingine.

Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hauna tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila wafu kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Wengi mno wao waliumwa na mbwa, ingawa paka naye huambukiza. Mtoto huumwa leo, kidonda kinapona, anarudi shule, na baada ya miezi miwili au mitatu anaanza kuogopa maji. Ndiyo sababu pilipili na majivu yana sifa mitaani: mbwa wengi wanaouma hawana kichaa, kidonda kinapona chenyewe, na dawa inasifiwa. Siku ya mbwa mwenye kichaa, kidonda pia kitapona. Kitakachokuja baadaye ndicho hakitapona.

Sasa kinachotakiwa si kigumu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, siyo kumwagia kikombe kimoja. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo hupigwa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kuishia sindano ya kwanza kwa kuwa kidonda kimefunga ni hatari. Jeraha likiwa baya huongezwa dawa nyingine ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Wazee wetu wanakumbuka sindano nyingi za tumboni za zamani na wanawatisha watoto kwazo. Hizo zimekwisha, siku hizi hupigwa mkononi. Ukifika hospitali ukaambiwa chanjo imekwisha, usirudi nyumbani kulala. Uliza iko wapi, Bwera, Kagando, Kilembe, na uende huko.

Na mbwa? Akijulikana, afungwe aangaliwe siku 10. Akimaliza siku hizo ni mzima, basi hakuwa na kichaa siku aliyouma. Lakini mtoto asisubirishwe siku hizo bila chanjo. Aanze, na daktari ndiye atakayesema zikatishwe.

Turudi kwa mzee wetu na udongo wake, maana hili linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Kuosha mara saba ni mafundisho tunayoyashika, na hatuna ubishi nayo. Ila aliyeyapokea kwa chombo kilichorambwa asiyapeleke ndani ya nyama iliyochanika. Dini yetu humruhusu mgonjwa kutayammamu pale maji yanapomdhuru. Iweje basi tulazimishe udongo kwenye jeraha, tukijua udongo unabeba pepopunda? Tunawaomba masheikh wetu walifafanue hili kwenye darsa, kwa sababu mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayeipenda dini yake na hakupata mtu wa kumfafanulia.

Lipo na jingine ambalo tunalisema kwa kujilaumu wenyewe. Nyumba nyingi za Waislamu hapa Kasese zina mbwa. Wa kulinda mbuzi, wa kulinda shamba, wa kulinda duka usiku. Dini imeruhusu mbwa wa kazi kama hizo. Lakini kwa kuwa hatuingii naye ndani na tunachunga nguo zetu za swala, tumejifanya kana kwamba si wetu. Ukiuliza, "Mbwa huyu wa nani?", unajibiwa, "Yupo yupo tu hapo." Anakula makombo yetu, analinda mali yetu, na siku ya chanjo hana mwenyewe. Paka tunambeba, tunampa mukene, tunasema ni kipenzi cha Mtume (s.a.w.), na yeye pia hatumchanji. Kuepuka najisi ya mbwa ni jambo moja. Kumtelekeza kiumbe unayemtumikisha ni jambo jingine kabisa, na sote tunaijua habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu.

Wanaosema hii si kazi ya Waislamu tunawaelekeza Pemba. Kisiwa kile karibu watu wote ni Waislamu. Kichaa cha mbwa kilikuwepo. Wakachanja mbwa kwa kampeni za kisiwa kizima, na kufikia 2014 kikakoma. Mwishoni mwa 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na kufikia Oktoba 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Wanaofuatilia ugonjwa huu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa unakosa njia. Siyo kuwaua. Kuua mbwa hovyo hakujaumaliza ugonjwa huu popote, maana nafasi ya waliouawa hujazwa haraka na wengine wasiochanjwa, na huenda mliyemuua ndiye aliyekuwa amechanjwa.

Sisi hatuna bahari ya kutuzunguka kama Pemba. Tuna mpaka. Juni 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia kwetu, pale Mpondwe kila mtu alinawa mikono na kupimwa joto, na tulijivunia nidhamu ile. Mbwa anavuka kutoka Kasindi bila kupimwa chochote, na wetu wanavuka kwenda kwao vilevile. Upande mwingine tuna mbuga. Vijiji vya Katwe, Hamukungu na Kahendero viko ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, mbwa na simba jirani. Kule Serengeti, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulioaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini uliua karibu theluthi ya simba. Watoto wetu wanaotarajia kazi za utalii wanapaswa kulijua hilo.

Maoni yetu basi ni haya. Kamati za misikiti, kuanzia Kasese mjini mpaka Kisinga na Bwera, ziache kusubiri tangazo. Zimwendee daktari wa mifugo wa wilaya zimuulize chanjo itakuja lini, zikubaliane naye siku, na imamu aitangaze baada ya Ijumaa kama anavyotangaza maziko na harusi. Uwanja usiwe wa msikiti, kwa sababu tunazozijua. Uwanja wa mpira unatosha, na mwenyekiti wa LC hatatunyima. Waalikwe na majirani zetu Wakristo, maana mbwa wao na wetu hulala kwenye jalala moja. Kama zitahitajika fedha, tuchange. Tumechangia vyombo vya arusi vya bei kubwa kuliko hii.

Mtaani kwetu tumeanza na kitu kidogo: daftari la nyumba zenye mbwa na paka, wamechanjwa au hawajachanjwa. Mpaka sasa tumeandika nyumba 19. Mbwa waliochanjwa ni wawili, paka hakuna. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na tunataka kabla ya hapo daftari liwe limemaliza mtaa. Habari tulizopata kutoka Bwera ni kwamba na wao wana daftari lao, na anayelishika ni yule binti. Mzee wa udongo ndiye anayempeleka nyumba kwa nyumba, kwa sababu yeye akibisha hodi hufunguliwa.

Wabillahi tawfiq.