Tazameni na Upande wa Nyuma



Katika jamaa nyingi za wakristu kitabu cha sala hakifungiki vema, kwa kuwa kimejaa picha takatifu. Moja ni ukumbusho wa Komunyo ya kwanza, nyingine ya upadirisho wa mwana wa kijiji, nyingine ya mazishi ya babu. Nyingine tena yaonyesha sura ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenye heri mjini Kinshasa na Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1985. Ni vipande vidogo vya karatasi, lakini pengine ndiyo maandiko pekee ambayo jamaa imerithi.

Karatasi ni kitu dhaifu. Mchwa huila, unyevu huitia madoa, jua hufifisha rangi zake. Tena kuna misiba ya ghafula. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Mawe yaliyoyeyuka kwa moto yaliteremka hata katikati ya mji wa Goma, yakateketeza nyumba nyingi pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mzazi anayekimbia msiba wa namna hiyo huwashika watoto. Hana nafasi ya kutafuta kitabu cha sala. Kwa hiyo twawashauri kuzitolea picha zenu nakala, kwa skana au kwa simu, wakati mngali na amani.

Wengi hunakili upande wa mbele tu, wakadhani kazi imekwisha. Sivyo. Sura ya mtakatifu ilichapwa kwa wingi. Ikipotea kwenu, yaweza kupatikana kwa jirani. Lakini upande wa nyuma bibi aliandika kwa mkono wake jina la mtoto, siku ya ubatizo na jina la msimamizi. Daftari la parokia laweza kuitunza tarehe hiyo, lakini mwandiko wa bibi haumo. Basi nakilini pande zote mbili, na ule wa nyuma msiusahau kamwe.

Wenye skana wafute kwanza kioo kwa kitambaa laini kikavu. Chagueni nukta 600 kwa kila inchi. Nukta 300 zatosha kwa karatasi kubwa, lakini kwa picha ndogo ni chache. Picha ya sentimeta 7 kwa 11 itapata nukta kama 1,650 kwa 2,600, hata iweze kuchapwa tena kwa upana na urefu mara mbili bila kufifia. Picha nyingi za kuchapwa zimefanywa kwa vitone vidogo sana. Nukta za skana zikiwa chache, mawimbi yasiyokuwapo hutokea usoni mwa mtakatifu. Nakilini kwa rangi, hata maandishi yakiwa meusi, maana hivyo wino uliochakaa hutambulikana na madoa. Wekeni karatasi nyeusi juu ya picha, ili maandishi ya upande wa pili yasipenye.

Wenye simu wailaze picha mezani karibu na dirisha, pasipo jua kali, na kuzima taa ya simu. Simu iwe sambamba na meza. Ikiinama, pembe za picha hupotoka. Picha zenye dhahabu hufaa zaidi kwa simu, kwa kuwa katika skana dhahabu mara nyingi huonekana kama udongo. Picha iliyogandamana na kitabu msiibandue kwa nguvu. Nakilini ukurasa mzima.

Ninyi wanafunzi, kazi hii ni yenu. Zipeni pande mbili namba moja, mkiongeza neno «mbele» na neno «nyuma». Kisha kaeni na wazee, mwaulize: Huyu ni nani? Alizikwa wapi? Andikeni majibu pamoja na nakala, kwa maana mzee akifariki, jina lisiloandikwa huenda naye. Mkimtumia ndugu picha kwa WhatsApp, itumeni kama waraka, maana picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine.

Nakala ikiisha kufanywa, picha yenyewe isitupwe. Iliyobarikiwa hutunzwa kwa heshima. Ikichakaa kabisa, huchomwa au huzikwa, wala haiendi jalalani. Na majina ya marehemu mtakayoyasoma nyuma ya picha, yatajeni jioni katika sala ya jamaa. Kwa ajili hiyo picha zile zilichapwa: tuwaombee waliotutangulia. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Nasi twaamini kwamba kuyahifadhi majina yao na kuwaombea ni sehemu ya heshima hiyo.