Mafuta ya Karafuu na Magoti ya Wazee Wetu

Ijumaa iliyopita mzee mmoja wa msikiti wetu aliswali akiwa kitini, goti limefungwa bendeji. Maumivu ya viungo anayo siku nyingi. Jeraha lilikuwa jipya. Bintiye, kwa mapenzi, alimkanda kwa mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba pasi na kuyachanganya, ngozi ikaungua.

Mafuta hayo hutolewa kwa mvuke, nayo ni makali mno. Tia matone 3 tu katika vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya nazi au zeituni. Jaribu kidogo mkononi, ngoja siku moja, kisha kanda taratibu. Usipake penye kidonda. Chupa ikae mbali na watoto, kwani kuyanywa kwaweza kudhuru ini.

Mchanganyiko huu hutuliza, hauponyi. Goti likivimba na kuwa la moto, au homa ikiandamana nalo, mpeleke mzee hospitali. Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali, na kumtendea mzazi wema ni pamoja na kujua tunachompaka.

Wabillahi tawfiq.