Damu haipimwi kwa sehemu
Mkazi wa California hujiita Mkalifornia bila kuulizwa babu zake ni nani. Hawaii si hivyo. Barack Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961, baba yake Mluo wa Kenya, mama yake mzaliwa wa Kansas, lakini visiwani humo jina Mhawaii si lake. Ni la uzao wa watu waliokuwa na ufalme wao hadi wafanyabiashara, wakikingwa na askari wa Marekani, walipompindua Malkia Liliʻuokalani mwaka 1893. Jina hilo kuwa lao peke yao naona ni haki tupu. Kinachoniuma ni kipimo cha damu. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1921 iliwatengea wazawa ardhi, ila kwa sharti kwamba mwombaji awe na angalau nusu ya damu ya Kihawaii. Wazee wamekufa majina yao yakiwa bado kwenye orodha ya kusubiri viwanja, huku baadhi ya watoto wao hawaitimizi nusu hiyo. Wahawaii wenyewe hawakuhesabiana hivyo: waliulizana nasaba, mababu kwa majina, na ardhi mtu alikotoka. Lugha yao, iliyofukuzwa madarasani mwaka 1896, leo watoto wanaisomea tena tangu chekechea. Miongoni mwa watoto hao wamo wenye robo ya damu, na mimi simwoni hata mmoja aliye Mhawaii robo.