Saini ya Programu Ikaguliwe Kama Mzigo wa Kakao

Mnunuzi wa mchele Dar es Salaam anajua kuwa neno "Kyela" kwenye gunia si ushahidi. Mchele wa kwingine umekuwa ukiuzwa kwa jina hilo kwa sababu lina bei. Kakao ya Kyela ina utaratibu bora. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, mzigo hupimwa na kuandikiwa hati kabla ya mnada. Mnunuzi hutegemea hati hiyo, si maneno ya mwenye mzigo.

Cha kushangaza, mfanyabiashara makini wa Ipinda au Kasumulu anaweza kupokea programu ya hesabu kwenye flashi bila kuuliza imetoka kwa nani. Kompyuta hiyo ndiyo yenye madeni ya wateja na nywila za benki. Programu iliyochezewa inaweza kuvitoa vyote nje kimyakimya.

Hati ya programu ipo. Mtengenezaji hutia saini ya dijitali kwenye faili la kusakinishia, na cheti cha taasisi inayoaminika huthibitisha kuwa saini ni yake. Faili likibadilishwa hata kidogo baada ya hapo, saini hubatilika. Katika Windows, mwenye kompyuta hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua "Properties", kisha "Digital Signatures". Jina lililopo hapo lazima liwe la mtengenezaji. Sehemu hiyo isipoonekana, faili halina saini ya namna hiyo.

Hata hivyo, saini hueleza nani amefunga mzigo. Haielezi kuwa mzigo ni safi. Mwaka 2017 wadukuzi walipenya kwa watengenezaji wa CCleaner, na toleo lenye saini halali likawafikia watu zaidi ya milioni 2 likiwa na programu hasidi ndani. Kwa hiyo ukaguzi wa saini ni hatua ya kwanza tu.

Wapo watakaosema vyeti ni ghali kwa watengenezaji wadogo wa nchini. Hoja hiyo ina uzito. Mteja wao basi apokee programu kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa mtu wa kati. Lakini programu inayodaiwa kuwa ya kampuni kubwa, na haina saini yake, ikataliwe hata ikitolewa bure. Vyama vya ushirika, vinavyoshika fedha za wakulima, vingefaa kuanza msimu huu.