Usonji: Maarifa ya Kilifi yafike Mwala

Msomaji wa Pwani huenda akauliza Mwala inatuhusu nini. Ni eneo bunge la Kaunti ya Machakos, bara kabisa, lenye Masii, Mbiuni, Muthetheni, Kibauni na Wamunyu, njiani kuelekea Kitui. Lakini yeyote aliyewahi kuingia kwa wachongaji wa Kikamba pale Changamwe, walioanzisha chama chao cha ushirika mwaka 1963, ameshaishika kazi ya mikono yenye asili ya huko. Wamunyu ndiko uchongaji huo ulikoanzia. Mzee Mutisya Munge alijifunza ufundi Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao, na majirani wakajifunza kwake. Hapakuwa na chuo wala cheti. Ujuzi ulipita kutoka mkono hadi mkono.

Leo kuna ujuzi mwingine unaohitaji safari kama hiyo, na zamu hii sisi wa Pwani ndio tulio nao. Ni ujuzi wa kumsaidia mtoto mwenye usonji au ulemavu mwingine wa ukuaji, pamoja na mlezi wake. Kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa ya utafiti wa Kenya juu ya jambo hili imefanyika Kilifi. Hoja ya makala haya ni moja: tunayoyajua tayari yanatosha kuanza kazi mahali kama Mwala, na milango ya kuanzia imo mikononi mwa serikali za kaunti. Tukisema tusubiri kwanza madaktari bingwa wafike kila wadi, watoto watakua bila msaada.

Mbiuni na swali la zamani

Mwala si ngeni kwa watafiti. Katika miaka ya 1970, Mbiuni na jirani yake Matungulu zilikuwa uwanja wa Mradi wa Machakos, utafiti mkubwa wa afya ya mama na mtoto ulioendeshwa na kituo cha utafiti wa tiba cha Nairobi pamoja na Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam, Uholanzi. Watu wa mradi walipita nyumba kwa nyumba, wakarudi tena na tena kwa miaka, wakiandika mimba, uzazi, surua, kifaduro na vifo. Matokeo yalikusanywa kitabuni mwaka 1984.

Swali la wakati ule lilikuwa la haki: watoto wangapi wanazaliwa, na wangapi wanafariki? Chanjo, kliniki na wakunga vimelijibu kwa sehemu kubwa. Watoto wengi zaidi wanaishi. Swali lililofuata ndilo halijapewa uzito uleule: wanaishi vipi? Yuko mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, yuko aliyepatwa na manjano kali akiwa mchanga, yuko aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hao hupona, lakini baadhi yao hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo au uzito wa kujifunza. Na yuko mwenye usonji, ambaye mara nyingi hakupatwa na lolote katika hayo. Ubongo wake umekua kwa namna tofauti tangu mwanzo.

Usonji si maradhi ya kutibiwa yakaisha. Ni namna ya kukua inayoonekana katika mawasiliano, katika kuchangamana na watu, na katika mazoea yanayojirudia. Mtoto haitiki anapoitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, anachelewa kusema, au anakerwa mno na kelele ambazo wengine hawazisikii. Wapo watakaohitaji msaada maisha yote, na wapo watakaosoma na kufanya kazi. Kinachowatenganisha na wenzao mara nyingi ni kama msaada ulifika mapema, na kama aliye karibu nao alijua la kufanya.

Kilifi wamepata nini

Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walichapisha matokeo ya kazi iliyopima zaidi ya watoto 10,000 wa miaka 6 hadi 9 majumbani mwao. Walikuta kwamba watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na ulemavu wa neva wa kiwango cha wastani au kikubwa, kifafa na udhaifu wa akili vikiongoza. Linganisha na sensa ya 2019, iliyohesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 kwenda juu. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa kipimo kimoja, lakini tofauti yake inatufundisha jambo. Sensa iliuliza maswali ya jumla kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Haikumuuliza mzazi kuhusu usonji, na watoto wa chini ya miaka 5 hawakuulizwa kabisa. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Timu hiyohiyo ya Kilifi haikuishia kwenye hesabu. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa juu ya chanzo cha usonji na tiba yake. Walisikia habari za mapepo, uchawi na laana, na walisikia pia habari za maambukizi, matatizo ya uzazi, lishe na urithi wa damu. Mara nyingi mtu mmoja alikuwa na maelezo ya pande zote mbili. Mzazi huyohuyo huenda hospitali, kwa mganga na kwa kiongozi wa dini, mradi mtoto apate nafuu. Kila mlango una nauli yake na ada yake, na mwaka unapita.

Tusiharakishe kuwacheka. Uzushi juu ya usonji haukuzaliwa vijijini kwetu. Mwaka 1998 jarida kubwa la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield yaliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida liliifuta kazi hiyo mwaka 2010, lakini hofu ilikwishaenea duniani. Hakuna uhusiano kati ya chanjo na usonji, na Mwala na Kilifi wanajua surua ilikuwa ikifanya nini kabla ya chanjo.

Mlezi ndiye mtaalamu wa kwanza

Jambo kubwa lililojifunzwa katika miaka hii ni kwamba msaada wa kwanza hauhitaji jengo. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya usonji, na Shirika la Afya Duniani likatengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ulemavu wa ukuaji. Mafunzo hayo yana vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani. Anayefundisha si lazima awe daktari. Anaweza kuwa mhudumu wa afya, mwalimu au mzazi mwenzao, akishafundishwa na kusimamiwa vizuri.

Yanayofundishwa ni mambo ya nyumbani. Mlezi hujifunza kumfuata mtoto katika anachokipenda, awe anapanga vifuniko vya chupa au anamimina maji, kisha kuingia taratibu katika mchezo huo. Hujifunza kusema maneno machache na kungoja jibu, hata kama jibu ni mtazamo wa macho tu. Hujifunza kugawa kazi kama kuvaa shati katika hatua ndogo, na kutafuta kinachomfanya mtoto apige kelele kabla ya kumchapa kwa kelele hizo. Na hufundishwa kujitunza mwenyewe.

Je, inafaa kweli? Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilifanywa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65 wenye usonji. Wahudumu wasio mabingwa waliwafundisha wazazi, na wazazi wakawa wepesi zaidi kufuatana na watoto wao, nao watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yalijaribiwa Ethiopia, yakaonekana yanatekelezeka na walezi wakayakubali. Kenya na Ethiopia baadaye zikachaguliwa kuwa uwanja wa jaribio kubwa liitwalo SPARK, Profesa Amina Abubakar, ambaye kazi yake imekita Kilifi, akiwa mmoja wa wanaoliongoza. Tusikuze mambo: mafunzo haya hayamfanyi mtoto asiye na usemi aamke kesho akizungumza. Yanampa mama njia ya kuipita siku, na yanampa mtoto nafasi ya kueleweka.

Hilo si dogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mlezi wa mtoto huyu, na mara nyingi ni mama au bibi, hawezi kwenda shambani wala sokoni akiwa na amani. Harusini anakwenda peke yake au haendi. Ruzuku ya serikali kwa wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na ili kuipata ni lazima kwanza mtoto atambuliwe. Huko Mwala, kama ilivyo Ganze au Magarini, kutambuliwa kwenyewe ndiko kugumu.

Milango mitatu

Katiba ya 2010 imegawa kazi. Huduma za afya ngazi ya kaunti ni za kaunti. Shule za chekechea ni za kaunti. Ina maana kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka 6, gavana na bunge la kaunti ndio wenye ufunguo, na milango ni mitatu.

Wa kwanza ni kliniki ya mama na mtoto. Dozi ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, umri uleule ambao dalili za usonji zinaweza kuanza kuonekana. Kijitabu cha kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Muuguzi akiufungua na kuuliza maswali matano, mtoto anayehitaji kuangaliwa zaidi atajulikana mapema.

Wa pili ni wahudumu wa afya nyanjani. Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi la wahudumu 100,000 nchi nzima, wenye mkoba na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Hawa wanapita nyumba kwa nyumba, kama walivyopita watu wa Mradi wa Machakos pale Mbiuni. Wakifundishwa kuuliza juu ya ukuaji, na baadhi yao wakafundishwa kuendesha vikao vya walezi, Masii haitahitaji kungoja bingwa kutoka Nairobi. Ni kweli kwamba tayari wamebebeshwa mengi. Kwa hiyo wachaguliwe wachache kila wadi, wapewe kazi hii rasmi na walipwe kwa ajili yake, wala isiongezwe tu juu ya mzigo uliopo.

Wa tatu ni chekechea. Mwalimu wa huko ndiye wa kwanza kumwona mtoto akiwa kati ya wenzake. Asipojua anachokiona, atamwambia mzazi abaki naye nyumbani. Akijua, atampeleka kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vituo ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo, na ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuingia shule zilizochanganyika na jamii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua mahali pa ile ya 2003. Karatasi tunazo.

Aprili ina tarehe mbili

Kila tarehe 2 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Usonji. Kaunti huandaa matembezi, fulana hugawiwa, hotuba husomwa. Hakuna ubaya. Lakini Aprili ina tarehe nyingine isiyo na fulana: kufikia tarehe 30, makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika mezani kwa bunge la kaunti, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo mtu hupimwa kama hotuba yake ilikuwa na maana.

Basi anayehudhuria kikao cha maoni ya wananchi, iwe Machakos, Kilifi, Kwale au Mombasa, aulize mambo matatu. Kuna fungu gani la kuwafundisha wahudumu na walimu wa chekechea juu ya ulemavu wa ukuaji? Ni wadi ngapi zitakuwa na vikao vya walezi mwaka huu? Na ni nani katika idara ya afya aliyepewa jina hilo kama kazi yake? Majibu yakikosekana, hansadi ionyeshe kwamba yaliulizwa.

Viongozi wa dini nao wana sehemu yao. Mzazi anayeambiwa msikitini au kanisani kwamba mtoto wake si laana, na kwamba dua haikatazi kliniki, ataanza safari mwaka mmoja mapema. Kwa mtoto wa miaka miwili, mwaka mmoja ni nusu ya umri wake.

Mutisya Munge hakuuweka ufundi wake kabatini akisubiri serikali ijenge chuo Wamunyu. Watafiti wa Kilifi wamefanya yao, wamepima na kuandika. Kilichobaki ni kazi ya kaunti, na kazi ya sisi tunaozipigia kura.