Goma: Sanduku lenye kufuli tatu linaua likirimba ya wamama

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kwenye masoko ya Virunga, Alanine na Kituku, mama muuza sambaza au makala asiye na likirimba ni shida kumpata. Lakini ukimuuliza anaketi na nani ndani ya hiyo likirimba, wengi siku hizi wanahesabu majina matatu, mane, kisha wanasimama. Wengine ni namba za simu tu. Feza inakuja, feza inaenda, na watu hawajuani. Hiyo wanaendelea kuiita likirimba, na ni uongo.

Likirimba ya zamani ilikuwa jambo jepesi. Wamama kumi wa avenue moja, au wa meza zinazofuatana sokoni, wanakutana siku ya Mungu kisha misa. Kila mmoja analeta dola 5. Zote 50 zinaingia mkononi mwa mmoja siku ile ile, na juma linalofuata ni zamu ya mwenzake. Kisha majuma kumi wanaanza tena. Hakukuwa na prezidanti, hakukuwa na sanduku, mara nyingi hata daftari halikuwepo. Feza haikulala mahali popote, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuiba. Mwenye zamu alipika fufu na sombe, watu wanakula, wanacheka, wanasema mabaya ya bwana zao, wanarudi nyumbani.

Na hapo kwenye sahani ndipo kazi yenyewe ilifanyika. Mama ambaye mtoto wake amefukuzwa shule kwa sababu ya minerval alisema mbele ya wote, na yule mwenye zamu ya juma hilo alimwachia. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Alimwachia kwa sababu anamjua, anajua kwamba hasemi uongo, na anajua kwamba kesho itakuwa yeye. Kukiwa na kilio, wamama hao hao ndio walibeba viti na sufuria, wakalala matanga mpaka siku ya kuzika. Ni mkopo gani unafanya hivyo?

Kisha yakaja mashirika na AVEC. Mpango huo haukuzaliwa Kongo: shirika la CARE liliuanza kule Niger mwaka 1991, na kutoka hapo ukazunguka Afrika nzima. Kikundi cha watu 15 mpaka 25, kila mmoja ananunua sehemu, moja mpaka tano kila mkutano. Feza inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, sanduku lenyewe kwa mtu wa ine. Wanakopeshana kwa riba, na mwisho wa mwaka wanagawana. Tusiseme ni mbaya yote. Kuna wamama walioacha kubeba makala mgongoni wakaanza kuuza kwa magunia kwa sababu ya mkopo huo, kitu ambacho dola 50 za zamu hazikuweza.

Lakini sanduku halikuja peke yake. Lilikuja na komite, na amande kwa mwenye kuchelewa, amande kwa mwenye kuongea bila ruhusa, amande kwa mwenye kukosa. Mjane ambaye soko halikumwendea vizuri majuma mawili anaanza kuogopa mkutano, mahali ambapo zamani ndipo angekimbilia. Mwishowe anaacha. Kwenye ripoti anaandikwa ametoka mwenyewe. Na kwa kuwa mashirika yanataka kuona kikundi chenye kanuni na mihuri ndipo yakipe mradi, hata wamama waliokuwa wanaketi vizuri bila karatasi walijilazimisha kuchagua prezidanti. Wanasiasa nao waliona mlango. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa Desemba 2023 ilitosha mgombea kuzungumza na prezidanti mmoja, kuleta vikwembe, na kikundi kizima kinacheza barabarani. Aliyekataa kuvaa kikwembe alihesabiwa kuwa adui. Vikundi ngapi vilipasuka hapo, kwa kitambaa!

Ajabu ni kwamba wanaosifu sanduku wanalisifu kwa usalama wake. Usalama gani, katika mji huu? Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano kisha Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa kartie kumi za Goma waliamriwa kutoka asubuhi ile. Watu walienda Sake, wengine Gisenyi, wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu. Sanduku lenye kufuli tatu linafunguliwa namna gani ikiwa ufunguo mmoja uko Sake, wa pili Gisenyi, wa tatu Bukavu?

Wengine wakasema basi feza iende benki. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia mjini na benki zikafunga milango. Mama aliyeweka akiba ya mwaka mzima alikuwa na namba kwenye karatasi na hakuwa na franka ya kununua unga. Kwenye simu feza ilikuwepo, lakini kuitoa ilikuwa kumlipa mwenye kibanda sehemu kubwa ya jasho lako. Ni nani aliyepita mwezi huo bila kukwama? Wale ambao feza yao hailali: wamama kumi, noti chakavu mkononi, juma hili wewe, juma lile mimi.

Simu nayo ina wakili wengi. Inaokoa muda, wanasema, mama hafungi meza yake sokoni. Ni kweli. Na katika vita, kutembea na feza ni hatari. Ni kweli pia. Basi watume kwa simu, lakini waketi. Wanaotuma bila kuketi hawatajua kwamba mwenzao anaumwa mpaka siku atakapokosa kutuma, na siku hiyo watamwita mwizi kwenye WhatsApp, mbele ya watu 25, na yeye yuko kitandani hospitali.

Anayetaka sanduku, aweke. Lakini mashirika yaache kuwaambia wamama kwamba kikundi bila muhuri ni kikundi bure, na yaache kuhesabu akiba peke yake. Afisa wa mradi anayefika na fomu yake Ndosho au Majengo aongeze maswali mawili: mwaka huu mlilala matanga kwa nani, na nani aliachiwa zamu? Kikundi kisicho na jibu kisipewe hata kalamu.