Toa Tu, Haina Kazi

Maneno manne yameua magari ya zamani mengi kuliko kutu: "Toa tu, haina kazi." Nayaandika haya nikiwa na oili kwenye kucha na tasnifu ya uzamili ambayo sijaigusa wiki ya tatu sasa, kwa hiyo msitegemee upole.

Peugeot 504 ya baba, ambayo mtaani kwetu Tanga haijawahi kuitwa jina lingine ila Pijo, ilichemsha tukitoka Pangani. Ikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Injini haijapoa, baba mdogo alishampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu.

"Mwanangu, gari limekula umri wake," akaniambia. "Hata binadamu anachoka."

Nilifungua boneti kwa hasira tu, ujuzi sikuwa nao. Rejeta ilikuwa imejaa tope jekundu, maana miaka yote imenyweshwa maji ya bomba peke yake. Injini ya 504 ina silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma. Metali hizo mbili zikikaa kwenye maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu, zinaliwa taratibu. Kisha feni. Pijo hii ilitoka kiwandani na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, ikianza kazi pale tu injini inapopata moto wa kutosha. Waya wake ulikuwa umekatwa zamani, feni ikafungwa kwa boliti izunguke muda wote. Boliti zimekatika. Na pale inapokaa thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, hapakuwa na kitu. Uwazi mtupu.

Hoja ya kutoa thamostati nimeisikia tangu utotoni: hii ni nchi ya joto, vitu hivyo ni vya Wazungu wenye barafu. Husemwa na watu wazima, wenye akili timamu, na hakuna anayecheka. Tanga ikiwaka kwelikweli hufika nyuzi 33 au 34. Injini inataka 80 na zaidi. Kwa injini, Tanga na Paris zote ni baridi. Bila thamostati inachelewa kupata moto, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyotakiwa kuzilinda. Unyevu nao unabaki kwenye oili mpaka inakuwa kama uji. Gari linakunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka, halafu tunakaa barazani tunasema limezeeka.

Mafundi nawatetea. Thamostati ikikwama imefunga, gari linachemsha kweli, na kuitoa kunaponya siku hiyohiyo. Fundi aliyeitoa hii alikuwa na mteja aliyemsimamia kichwani, anauliza kama bei haipungui, na jioni anatakiwa msibani Muheza. Mteja huyo alikuwa baba. Siku hizi macho hayamruhusu kuendesha, kwa hiyo ananisimamia mimi, kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe.

"Fundi alisema haina kazi," akajitetea.

"Na wewe baba ulisemaje?"

Akatazama kuku. "Nilisema toa."

Basi ugomvi wangu ni na sisi wenye magari, na zaidi sisi tuliosoma. Tunajua 504 ilitoka mwaka 1968, ikawa gari la mwaka la Ulaya 1969, na kwamba Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975. Tunaipiga picha jua likizama. Tukiambiwa tufungue boneti, tunamtafuta fundi, tunamwita bingwa, kisha tunampunja. Mtu anayeandika kurasa mia moja na hamsini kuhusu maarifa ya wenyeji hawezi kukuonyesha distributa ya gari lake iko wapi. Nasema hivyo kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi, mwezi mmoja uliopita.

Nyumbani hakuna anayekuharakisha. Kifaa usichokijua kinakaa mezani, kinakukodolea macho wakati wa chakula, mpaka ukijue. Ile feni ilinikalia siku mbili kabla sijaelewa waya ule ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi. Sidai kila mtu awe fundi. Silinda hedi ikihitaji kusawazishwa nitaipeleka kwa mwenye mashine na kumlipa anachotaja bila kulia. Lakini nitakuwa najua ninacholipia.

Mwenzangu mmoja darasani anasema magari haya yana moshi mchafu na hayana mifuko ya hewa. Yote mawili ni kweli, na sitampakia mtoto kwenye Pijo tukaenda Dar usiku. Hata hivyo, moshi wa injini iliyorudishiwa vyake vyote hauwezi kuwa sawa na wa injini iliyonyofolewa. Na hilo la pili ndilo ambalo nyumba nyingi zimelifuga uani, zikiliita la kizamani.

Thamostati niliipata kwa muuza spea Mombasa, mji ambao Pijo hizi ziliwahi kuunganishwa. Juzi niliitumbukiza kwenye sufuria ya mama ya maharage (hajui, na asiambiwe), nikawasha jiko. Maji yalipokaribia kuchemka kilango kikafunguka, polepole. Nikaitoa, ikapoa, ikafunga. Baba aliomba nirudie mara tatu.

Gasketi ya silinda hedi iko kwenye basi la Ijumaa. Mnunuzi wa chuma chakavu amesema anakuja Jumamosi asubuhi, na mzani wake.